Wali Mdomoni

Dasan Montong, Lombok Mashariki
28 Januari 2004

Kwa mdogo wangu Mahrip,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umetulia na homa za kambini zimekuacha. Je, unakula vizuri? Sisi huku wazima kwa rehema za Mola. Mvua ni ya kutosha, mpunga umesimama, na jiko la kukaushia tumbaku la jirani yetu Amaq Rahmah limelala upande mmoja, mwaka huu atakaushia wapi hata mwenyewe hajui. Mwanangu Sakmah ameniletea salamu kutoka Riyadh, anasema tajiri wake si mbaya. Tangu aondoke nyumba imekuwa pana mno. Nikikohoa chumba cha mbele najisikia kama kuna mtu wa pili.

Sasa habari yenyewe. Mkeo Jumenah amejifungua salama, Jumanne ya wiki iliyopita, baada ya alasiri. Mtoto wa kiume, ana mwili. Mkunga alipombeba alisema, "Huyu alikuwa anakula nini humo ndani?" Nimewahamishia kwangu wote wawili. Mtoto ni mpole ajabu, halii, inabidi tumwamshe anyonye. Wanawake wakija kumtazama wanamwambia Jumenah amepata bahati. Ana umanjano kidogo wa macho, nami namtoa juani kila asubuhi kama tulivyofanyiwa sote.

Maziwa ya Jumenah yalichelewa, basi namtafunia wali mpaka unalainika, namlisha kwa kidole, kama Mama alivyotulisha sisi. Yule mama wa mizani ya watoto ameshapita akatuhubiria tuache, eti tunampa mtoto maradhi. Nimemwitikia vizuri. Akishatoka natafuna. Wewe usimwambie mtu.

Kitovu kimedondoka na karamu ya jina hatujafanya, maana jina ni la baba kutoa. Kwa sasa tunamwita Loq tu, kama kila mtoto wa kiume ambaye bado hana lake. Tuma jina, ndugu yangu, nawe uitwe kwa jina la mwanao kama wanaume wenzako. Nijibu upesi.

Dada yako,
Inaq Sakmah


Kambi ya michikichi, Sarawak
11 Februari 2004

Kwa Dada,

Waalaykum salaam. Barua imefika, nashukuru. Mgongo uko vilevile. Huku nako mvua, barabara ya kambi imekuwa uji na malori yanakwama. Nyani wanatutangulia kwenye mikungu, kisha msimamizi anatulaumu sisi. Jioni wenzangu wote hukaa mbele ya televisheni ya duka. Mimi hufua nguo, hata zisipokuwa chafu.

Yule mbuzi mweusi amezaa? Paa la nyuma linavuja? Mwambie Amaq Rahmah asizibe mfereji wa maji upande wetu, najua tabia yake.

Msalimie Jumenah. Mwambie ale.

Mahrip


Dasan Montong
24 Februari 2004

Kwa mdogo wangu Mahrip,

Assalaam alaykum. Namwomba Mungu akupe afya na akulinde na miti inayoanguka. Mimi mzima, ila goti la kushoto linanisumbua nikirukuu.

Mbuzi amezaa. Paa halivuji. Mfereji uko wazi. Nimekujibu yote uliyouliza, sasa soma ambayo hukuuliza.

Mwanao bado ana umanjano, na watoto waliozaliwa wiki moja naye wameshakuwa weupe wa macho zamani. Juzi alfajiri nilimkuta wa baridi, jasho kwenye paji, amelegea kama kitambaa kilichotoka majini. Nikatafuna wali mbiombio, nikamtia mdomoni. Haukupita muda akafumbua macho, akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyechelewa. Tukampeleka kituo cha afya. Njiani nikamwongezea wali, asije akazimia mbele za watu akatuaibisha. Walimchoma kisigino, wakapima, wakasema sukari yake safi kabisa. Mkunga wa pale, binti mdogo tu, akaniambia, "Bibi, mtoto huyu hana kitu. Wenye ugonjwa wa wasiwasi ni nyinyi." Haya, tukarudi.

Lipo na jambo jingine, la mwili wake, ambalo siwezi kuliandika. Namwogesha mwenyewe na namfunga nepi mwenyewe. Jumenah naye hataki mtu amwone mtoto akiwa wazi. Mimi na yeye hatulizungumzi.

Jumenah haongei siku hizi. Anakaa kwenye kizingiti cha jiko akimtazama mtoto kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekwisha kufunga mzigo wake. Mimi naye tuko nyumba moja, lakini kila mmoja yuko peke yake, Mahrip, na wewe ungeweza kutuunganisha hata kwa karatasi.

Nakuomba jina. Nijibu upesi.

Dada yako,
Inaq Sakmah


Kambi ya michikichi, Sarawak
5 Machi 2004

Dada,

Salaam. Mimi mzima.

Usiniandikie habari hizo. Baridi, jasho, umanjano, kulegea: nilishaviona mara mbili, sihitaji kusimuliwa. Mara mbili watu waliniita Amaq, baba wa fulani. Mara mbili wakarudi kuniita Mahrip, tena kwa sauti ya chini kana kwamba mgonjwa ni mimi. Ulidhani nimefuata michikichi? Michikichi ilikuwepo hata mwaka wa kabla. Niliondoka tumbo la Jumenah lilipoanza kuonekana.

Jina sina. Likitokea la kutokea, kaka zake wako upande wa magharibi wa kaburi la Baba, na nafasi ipo. Siku hiyo usiniandikie. Niandikie baadaye, uiweke pamoja na habari za mpunga.

Msalimie Jumenah.

Mahrip


Dasan Montong
14 Machi 2004

Kwa mdogo wangu Mahrip,

Assalaam alaykum warahmatullah wabarakatuh. Natumaini u mzima wa mwili. Barua yako imefika jana. Nimeisoma jikoni, nikaificha chini ya mkeka wa sala Jumenah asiione, kisha nikaswali juu yake. Nimekukasirikia na nimekulilia, na vyote viwili nimemwachia Mungu avitenganishe.

Hiyo nafasi ya magharibi haijachimbwa. Sasa nisikilize, nitasema mpaka lile nililokataa kuliandika.

Mwanzoni mwa mwezi huu mtoto alipatwa na degedege tukiwa kwenye foleni ya kituo cha afya. Siku hiyo nilikuwa nimemsikiliza yule mama wa mizani, sikumpa wali tangu alfajiri. Gari la kituo likatupeleka hospitali ya mjini. Walipompima walikuta sukari imezama kabisa, wakamtundikia maji ya sukari, akarudi. Daktari wa watoto ni mwanamke kutoka Bali, Dokta Nyoman, mfupi, anavaa kandambili na soksi. Wabali humpa jina hilo mtoto wa tatu. Nikasema moyoni, na wetu ni wa tatu.

Walipomwondolea yale maji ili wamwangalie akijitegemea, kila wakipima, sukari ni nzuri. Wakipima tena, nzuri. Dokta Nyoman alikuwa anasimama mbele ya kitanda mikono kiunoni. "Mtoto huyu ananichezea," alisema. "Kwenu anazama. Akija kwangu ana sukari ya sultani." Muuguzi mmoja, Mjava, kwa kuwa kadi ya mtoto imeandikwa Loq tu, kila asubuhi alimpigia saluti: "Mzee Loq, umeamka? Leo umeamua kututajia jina au bado unatuchunguza?"

Ukutani juu ya kitanda chetu kulikuwa na picha ya mama anayemtafunia mtoto wali, imekatwa kwa mstari mwekundu. Mimi nilikaa chini ya picha hiyohiyo, nimeipa mgongo, nikivuta pazia na kutafuna.

Basi asubuhi moja Dokta Nyoman akaja akakaa kitandani karibu nami. "Inaq, unakula nini?"

Nilitikisa kichwa. Mdomo umejaa.

"Unakula tangu ufike, na unazidi kukonda. Chakula kinakwenda wapi?"

Jumenah akacheka. Mahrip, sikuwa nimesikia kicheko cha mkeo tangu uondoke. Alicheka, kisha akajifunika uso kwa ushungi, na mimi nikajua siri imekwisha. Nikasema yote. Nilingoja kufokewa mbele ya wodi nzima. Daktari alimtazama mtoto.

"Kwa hiyo ni wewe unayemshikilia," akasema. "Wali ukitafunwa unakuwa sukari. Ndio uliomweka hai mpaka leo, na ndio unaonificha ugonjwa wake. Leo hutampa. Siondoki hapa mpaka nione mwenyewe."

"Atazimia."

"Nataka nimwone akizimia mkononi mwangu, sio mkononi mwako njiani."

Tukangoja. Mtoto alinyonya, akalala, na muda wa kunyonya tena ulipokaribia akaanza kuwa kimya ule ukimya wake niliokuwa nikiusifia. Jasho likatoka kwenye paji. Midomo ikapauka. Sijui saa ngapi mkono wangu uliingia kwenye kikapu, nilishtukia wali uko mdomoni na taya linatafuna lenyewe. Wakamchoma kisigino. Daktari akasema imeshuka, leteni sindano ya damu. Nikainuka na kidole tayari.

"Subiri, Inaq. Nataka damu yake sukari ikiwa hukohuko chini. Nikimpa sukari kwanza, damu itanidanganya tena. Nivumilie kidogo tu."

Nikasimama. Wali umeshalainika mdomoni, mtamu, wake, na yeye amelegea hatua moja mbele yangu. Sikuweza kusoma dua kwa sauti kwa sababu ya ule wali. Sikuweza kumwita mtu. Wewe ulikuwa ng'ambo ya bahari, Sakmah yuko Riyadh, Mama yuko udongoni, na mimi nimefunga mdomo mbele ya mtoto mwenye njaa. Sijawahi kuwa peke yangu namna ile. Jumenah alikuwa amemshika miguu, akimwangalia daktari tu, si mtoto.

Kichupa kilipojaa wakamfungulia maji ya sukari palepale, na rangi ikamrudia, masikio kwanza. Dokta Nyoman akanigeukia. "Sasa umeze mwenyewe." Nikameza. Sijapata kumeza kitu kigumu kama kile.

Halafu akasema nifungue nepi. Niliweka mkono juu.

"Inaq, mimi ni daktari."

Nikafungua. Ndilo hilo nililokuficha, Mahrip: uume wake ni mdogo mno, karibu haupo. Nilidhani ni fedheha, niliona jinsi wanaume wa kijiji watakavyokutania wewe na yeye siku ya tohara. Daktari hakucheka wala hakustaajabu. Alisema, "Mbona hamkuniambia? Umanjano usioisha, sukari inayozama, na hili. Vitatu hivi vinatoka nyumba moja. Mmoja wenu alikuwa anaficha kimoja, mwingine kingine."

Hapo ndipo Jumenah aliposema. Alisema polepole, akiwa bado ameshika miguu ya mtoto: "Na wale wawili walikuwa hivihivi. Niliona, sikusema. Nilidhani ni tumbo langu."

Hilo alikuwa nalo peke yake miaka yote hii, na mimi nikikaa nyumba ya pili.

Damu imepelekwa Surabaya. Majibu bado. Mtoto ananyonya kwa saa na anaongezewa kikombe, na mimi nimekatazwa kutafuna. Nijibu upesi, hata kama ni kunitukana.

Dada yako,
Inaq Sakmah


Dasan Montong
8 Aprili 2004

Kwa mdogo wangu Mahrip,

Assalaam alaykum. Sijapata neno lako, naomba iwe ni barabara mbovu na si ugonjwa. Hapa tunaanza kuvuna. Goti limepoa. Amaq Rahmah anakusalimu na anasema mfereji hajaugusa, ingawa aliugusa.

Majibu yamekuja. Dokta Nyoman alinichorea kwa kalamu kwenye kiganja changu ili nielewe. Chini ya ubongo kuna tezi ukubwa wa punje ya choroko, na ndiyo inayotoa homoni ya ukuaji. Mimi nilidhani homoni hiyo ni ya kurefusha watu tu. Kumbe kwa mtoto mchanga, hata kabla ya kumrefusha, inamshikia sukari isizame anapokuwa na njaa. Tumboni alikuwa hajaihitaji, ndiyo maana alizaliwa na mwili wake na sote tukadanganyika. Ile damu tuliyoingojea, nimeambiwa, ilichukuliwa wakati ambao mwili wa mtoto mwingine ungepiga kelele kwa homoni. Wake ulikaa kimya. Kwa ukimya huo wakajua.

Inayokosekana inatiwa kwa sindano, ndogo, chini ya ngozi, kila jioni. Jumenah anachoma mwenyewe. Mimi nashika paja na kugeuza uso. Dawa inataka baridi, basi inakaa kwenye friji ya duka la Amaq Rahmah, katikati ya soda, na ameibandika karatasi: HII HAIUZWI. Umanjano unakwenda. Na analia, Mahrip. Analia mpaka jirani wa nyuma amekuja kuuliza kama tunamfinya. Nilimpa sahani ya mboga ya kangkung yenye pilipili akakae nyumbani kwake atulie.

Daktari hajatuficha kitu. Hajui kama kule kuzama kumemgusa akili. Anasema tutaona akikaa, akisimama, akisema. Kwa hiyo hofu bado tunayo, lakini sasa tuko wawili wa kuibeba.

Nilimuuliza kuhusu wale wawili. Alisema hawezi kuapa kwa watoto asiowapima, ila anaamini ni jambo lilelile. Hakuna aliyewaroga, na hakuna alichokula au kukosa mama yao. Jumenah alimwomba arudie. Akarudia.

Mwanzo wa Mei ni Maulidi. Watoto wote wa mwaka huu watanyolewa nywele za kwanza msikitini na majina yao yasomwe mbele ya watu. Imamu hawezi kumsoma Loq. Ningeweza kumpa jina mimi, na Jumenah angeweza, na Mungu asingetulaumu. Hatutaki. Nijibu upesi.

Dada yako,
Inaq Sakmah


Kambi ya michikichi, Sarawak
22 Aprili 2004

Kwa Dada yangu,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumaini goti limepona kabisa na mavuno ni mazuri. Mimi mzima. Barua hii nampa mwenzangu wa kambini, Amaq Kertah, mkononi, anarudi nyumbani kuwahi Maulidi. Muulize na habari zangu, ila asikwambie nimekonda, yeye ndiye aliyekonda.

Barua zako mbili zimenifikia pamoja, barabara ilikuwa imekatika. Nilifungua ile ya pili kwanza bila kujua. Kwa hiyo niliposoma ile ya wali nilikuwa nimeshajua kwamba yuko hai, na bado nilisimama. Nilisoma nimesimama mpaka ulipomeza.

Jina lake ni Zuhri. Nilikuwa nalo tangu tumboni. Sikuliandika popote, hata kwenye dua sikulitaja. Niliona nisipompa kitu, hakuna cha kunyang'anywa. Nawe ulikuwa unanililia kwa ajili ya jina, na mimi nalala nalo huku mdomoni kama wewe na wali wako.

Juzi jioni nilikwenda kukaa na wenzangu mbele ya duka. Nikasema mwanangu anaitwa Zuhri. Mmoja akaniuliza, "Wewe, una mwana tangu lini?" Nikamjibu tangu Januari. Wakapunguza sauti ya televisheni. Kisha wakaipandisha tena.

Asubuhi yake shambani nikasikia mtu anaita, "Amaq Zuhri, angalia mkungu huo." Nikaendelea kukata. Akaita tena. Msimamizi akaja kuniuliza kama masikio yangu yameziba.

Mkataba unanishika mpaka baada ya Idi, na pasi yangu iko kwao. Siku ya kunyolewa mshike wewe, na Jumenah asimame karibu. Nywele zake kidogo niwekeeni. Mwambie Jumenah halikuwa tumbo lake. Mwambie polepole, kisha urudie kama yule daktari, na mwambie nimesema mimi. Kaka zake wawili nitakwenda kuwasalimu nikirudi. Wao nao walikuwa na majina, na tangu niwazike sijayataja.

Hukuniandikia analia namna gani, kama ni kwa kukwaruza au ni sauti nyembamba. Huku usiku kuna ndege analia, na mimi sina cha kumlinganisha naye.

Nijibu upesi, Dada.

Mdogo wako,
Amaq Zuhri